Fundi wa Matundu ya Vifungo

Katika kiwanda cha mashati kengele ya chakula ilipigwa saa sita na nusu, na ya kurudi kazini saa sita na dakika thelathini na saba. Katika dakika hizo saba fundi wa matundu ya vifungo alimaliza wali wake, akafunika bakuli, akainama tena mezani. Akacheua. Maji makali yakampanda kooni, pumzi ikamtoka, na shati lililokuwa mbele yake likapata matundu saba yaliyonyooka, kingo zimeungua vizuri, hazihitaji hata uzi.

Msimamizi aliyapima kwa rula. Yalikuwa sawasawa. Akaleta bunda jingine, na kabla wiki haijaisha mashine ya kutobolea ilikuwa imeuzwa.

Aliyeutambua ugonjwa wa fundi ni wifi yake, muuguzi wa zahanati, tena jikoni, huku akimenya vitunguu. Alimuuliza kama kifua kinawaka akiinama baada ya kula. Kinawaka. Kama anaamka na uchachu mdomoni, kama anakohoa kikavu bila mafua, kama anahisi tonge limekwama kooni hata kabla hajala. Yote yalikuwepo. Sauti nayo ilikwaruza hivi kwamba bintiye wa miaka mitano alidhani ni redio inayotafuta stesheni.

"Hicho si kiungulia cha kupita, wifi," muuguzi alisema. "Tindikali ya tumbo inakupanda kila siku. Kula taratibu, ukishakula usiiname. Ukiendelea hivi, sauti utaiaga."

Akampa dawa, akamwandikia na cheti cha kupeleka kazini.

Dawa ilifanya kazi. Jumatatu fundi alitoa tundu moja, lisilopitisha hata kifungo cha nguo ya mtoto mchanga. Jumanne hakutoboa kitu, na mashati mia nne yakalundikana. Msimamizi hakufoka, alikuwa mtu wa adabu zake. Alikisoma cheti chote, akausifu mwandiko, akakibandika ubaoni. Kisha akamwambia achague dawa au kazi, maana mashine haipo tena. Kuanzia kesho chakula kingekuwa dakika tano, na pilipili ingetolewa bure.

Ilimuuma sana. Alilia kidogo chooni, akanawa uso, akarudi kuinama.

Sauti ilimwishia kabla shule hazijafunguliwa. Siku hizi jioni, akitaka kumwita bintiye aliye uani, husimama dirishani na kucheua kwenye pazia. Tundu moja ni njoo ule, mawili ni njoo uoge. Mtoto huona mwanga wa taa ukichungulia, huacha mchezo, huja.

"Mama, tafuna polepole," humwambia mezani, kama alivyomsikia shangazi yake.

Fundi huitikia kwa kichwa. Sahani yake huwa tupu ndani ya dakika tano.