Mkuku na Isale

Wenseslaus aliugonga mkuku wa mashua kwa nyundo, akatega sikio kama daktari, ilhali hata kuogelea hajui. Salvina alisimama kando, mikono ndani ya mifuko ya aproni, akimwombea azame.

Ndiyo, azame. Tusione haya kusema. Mumewe Efraimu, fundi seremala, alipofariki, udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka huyu kaka yake akang'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, na kumeza nusu ya kihamba chao cha Masama, migomba na kahawa. Sasa anataka kuinunua na mashua ya tanga aliyoacha marehemu hapa uani, Moshi mjini, akabebee watalii kule Tanga.

Efraimu aliinunua ikiwa imegonga mwamba, akaipandisha huku kwa lori aitengeneze, akafa kabla. Mkuku, kile chuma kizito cha chini kinachoizuia isipinduke, ulishikiliwa na bolti zilizoliwa na kutu. Juzi Salvina aliuziba ufa wake kwa gundi, akapaka rangi ya buluu kuficha kutu. Alipaka huku akiimba, Mungu amsamehe.

"Iliwahi kugonga mwamba, shemeji?"

"Haijawahi. Ni nzima."

Wenseslaus akaenda kwenye gari, akarudi na jani la isale lililopigwa fundo, amelishika kwa mikono miwili.

"Yaliyopita tuyaache, shemeji. Nimekuletea isale. Na wewe sasa nipunguzie bei."

Lilikuwa jani la chipukizi la masale yaleyale aliyoyang'oa. Mtu huyu hana haya hata chembe. Lakini isale ni isale. Kwao ndilo jani la kuombea msamaha, halikataliwi, na ukishalipokea huna ruhusa ya kumdhuru aliyekuletea. Salvina akalipokea.

"Mkuku umeoza," alisema. "Bolti zimekwisha. Ufa nimeuziba mimi mwenyewe."

Wenseslaus alicheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa hivi ilikuwa nzima, nimetaja bei imeoza. Umepata mteja mwingine, sema tu. Ujanja huo mimi ndiye baba yake." Akagonga tena. "Chuma kinaitika. Naichukua."

Mfukoni mwa aproni mlikuwa na kisu alichosawazishia gundi. Angekwangua kidogo tu, kutu ingemwagika miguuni pa Wenseslaus, naye angeamini. Lakini si amekwisha kumwambia? Isale limeheshimiwa. Hao watalii, watoto wa watu, ndio waliomchoma moyo.

Alasiri lori liliipakia mashua, likakwama getini, geti likiwa wazi nusu tu. Wenseslaus alikaa mbele na dereva, akipiga mluzi. Salvina alilifuata, isale mkono mmoja, kisu mkono wa pili.

"Mama, unasemaje?" dereva aliuliza.

Alitazama ile rangi ya buluu, mbichi bado. Kisha akakiweka kisu chini, akalibana isale kwapani, akashika geti kwa mikono yote miwili na kulifungua mpaka mwisho.