Ukuta wa Bafu la Roselida

Katika ukoo wa marehemu Oundo, mumewe Roselida, kule Matayos, nyumba ya mjane haiguswi na mwanamume ovyo. Fundi akiitengeneza kabla mjane hajarithiwa, huhesabiwa kwamba yeye ndiye aliyemrithi, na mwanamke hufungasha virago. Mwenye ruhusa ni shemeji tu. Shemeji wa Roselida, Egesa, alikuwa na sharti lake: alale humo ndani kwanza, ukuta baadaye. Roselida alimkatalia kwa adabu, halafu akamkatalia kwa komeo.

"Basi oga na matope," Egesa akamwambia. "Siwezi tengenezea mtu amenikataa."

Plasta ya bafu ilikuwa imevimba na kumomonyoka, unyevu ukipenya hadi chumba cha kulala. Roselida akawaza kwamba mila imekataza mkono wa mwanamume, wake haijautaja. Akaenda Busia mjini kununua saruji na mwiko, yeye ambaye mwiko aliouzoea ulikuwa wa kusongea ugali.

Alipaka juu ya plasta ile kuukuu, bila kuulowesha ukuta kwanza. Asubuhi akaikuta yote sakafuni. Egesa akachungulia, akawaita majirani.

"Shemeji, hii ni plasta ama ni uji?"

Walicheka wakashika mbavu. Roselida aliona aibu hata akatamani ardhi immeze. Kesho yake akarudi Busia kwa Vivianne, mwenye duka aliyemuuzia saruji.

"Dada, ulipaka juu ya kitu imekufa," Vivianne akamwambia. "Gonga na nyundo. Pahali inalia wazi kama debe tupu, bomoa mpaka ufike kwa tofali. Halafu loweka ukuta, maana tofali iko na kiu, itakunywa maji yote ya plasta. Na ukimaliza, mwagia maji asubuhi na jioni, ama itapasuka yote."

Akabomoa. Akachekecha mchanga, akalowesha tofali, akarusha tabaka la kwanza, akangoja lishike, kisha akapaka la pili na kulisawazisha kwa ubao. Viganja vilichubuka, saruji ikamchoma. Alipopitisha mkono ukutani na kukuta pamenyooka, alicheka peke yake, mara ya kwanza tangu mazishi.

Na hapo ndipo alipokosea. Angeharibu tena, wangemcheka na kumwacha aishi. Egesa alipoupapasa ukuta ule hakucheka. Alikwenda kuwaita wazee.

"Hii ni kazi ya mwanaume," akawaambia. "Aseme ni nani, halafu atoke kwa hii boma."

"Ni mimi, wazee wangu."

"Muongo!" Egesa akafoka.

Roselida akawaletea viti, akachukua nyundo. Kila pigo lilimuuma kama anajipiga mwenyewe. Aliibomoa plasta yote mbele yao, akachanganya upya, akaanza tena, na wale wazee wakakaa kutwa nzima wakimtazama kama wanaotazama ng'ombe mnadani. Jua lilipoinama, ukuta ulikuwa umenyooka, laini kuliko mwanzo.

"Kweli ni yeye," mzee Ogutu akasema, na baadhi ya wenzake wakamsifu. Roselida akashusha pumzi.

"Sawa, nimeona," Egesa akajibu. "Lakini wazee, mwanamke anaweza kujijengea hivi, hana haja ya mume. Na kama hana haja ya mume, anatafuta nini kwa boma ya mume?"

Roselida alimtazama Ogutu, naye Ogutu akatazama viatu vyake.

"Mama, hapo amesema neno," mzee akasema mwishowe. "Uvune mahindi yako kwanza. Halafu urudi kwenu Funyula."

Wote wakakubali, hata wale waliokuwa wamemsifu. Hasira ilimpanda Roselida, akaitumbukiza mikono ndani ya karai la maji na kuiosha taratibu. Egesa alikuwa amekwisha kuingia bafuni, anapapasa ukuta wake mpya.

"Shemeji, na hii sasa inatakwa kumwagiwa maji, ama?"

"Hapana," Roselida akamwambia. "Iache tu ikauke."