Mbao Zilizoshindwa Kipimo

Pasaka ya mwaka juzi, katikati ya maombi, ubao mmoja wa baraza la kanisa letu ulivunjika na mguu wa Mzee Chrispinus Khaemba ukazama hadi gotini. Hakuumia sana. Lakini yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na tangu siku ile kamati nzima ilikuwa na wazo moja tu kichwani: kutafuta ubao usiovunjika.

Asiyetufahamu aelewe kwamba sisi hatuombi tukiwa tumekaa. Kanisa letu liko Lurambi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, na ni dogo. Ndiyo maana wazee waliotutangulia walijenga baraza la mbao upande wa mbele, lisilo na paa, na maombi makuu ya saa sita mchana hufanyika hapo, mbele za Mungu na majirani. Tunavua viatu kwanza, kwa kuwa sisi tunaamini mahali palipoombewa ni patakatifu. Kisha ngoma inaanza, na tunapiga visigino kwa pamoja mpaka mioyo ipate nafuu. Mbao za saiprasi zilikuwa zimevumilia visigino hivyo miaka mingi. Hakuna aliyezilaumu zilipochoka.

Jescah Navalayo, ambaye wengi tunamwita Mama Sammy, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na kutoa mbao nyingine. Ni mjane, fundi wa kushona nguo, na alikuwa ameanza darasa la jioni la useremala mjini katika umri ambao wenzake walikuwa wakizoea kuitwa nyanya. Marehemu mumewe, Onesmus, alikuwa na mvule mmoja mkubwa huko kwao Kabras, ukingoni mwa shamba la miwa. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba mti ule ni wa kanisa, na kwamba siku moja watu watamwomba Mungu wakiwa juu yake. Alikufa kabla ya kuukata. Mwaka uliofuata upepo uliuangusha wenyewe, na Jescah akaona hiyo ni ishara. Aliupasua, akazipanga mbao chini ya kibanda, akitia vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, akasubiri zikauke. Nia yake yote ya kujifunza useremala ilikuwa hiyo: nadhiri ya mumewe itimie, tena kwa mkono wake.

Kamati ilikuwa karibu kukubali alipofika kijana wa mauzo aitwaye Kibiwott, akiwa na kipande cha ubao wa kompoziti kwapani. Alitueleza kuwa si mti na si plastiki, bali ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki na kushindiliwa kiwandani. Rangi yake ilikuwa ya kahawa iliyokolea, nzuri machoni. Alisema hauozi, hauliwi na mchwa, wala hauvunjiki. Mzee Khaemba, aliyekuwa ameketi akisugua goti, alimwomba arudie neno la mwisho.

Jescah aliuliza kama mvule nao huvunjika ovyo. Kibiwott alimjibu kwa heshima zote, kama mtu anavyozungumza na mama yake aliyekataa kubadilisha simu.

"Mvule ni mti mzuri, mama. Lakini ni wa babu zetu. Hata wao wangepata hii, wangeacha kupanda miti."

Mabishano yalichukua jioni nzima. Mwishowe Beverlyne, kiongozi wa kwaya, akasema kwamba mbao zipimwe, kwa kuwa mdomo haujawahi kubeba mtu. Swali likawa nani atapima. Katika kanisa zima aliyekuwa akisomea mambo ya mbao ni mtu mmoja tu, na ndiye mwenye mbao za mvule. Wengine walinong'ona. Mzee Khaemba akalimaliza jambo hilo kwa hekima yake: kama Mama Sammy akizikataa mbao zake mwenyewe, tutajua ni mwaminifu, akizikubali, itabidi tuombe.

Jescah alipeleka suala hilo darasani. Mwalimu wake, Chemutai, ni mdogo kuliko kifungua mimba wake, lakini alimsikiliza bila haraka. Alimwambia achukue kitu kimoja kizito, akiangushe kutoka urefu mmoja juu ya mbao zote mbili, zikiwa zimeegemezwa kwa namna moja. Kisha akamwambia neno ambalo Jescah alilishika kama mstari wa kukariri.

"Ulichopima, kiseme. Usichopima, sema hujakipima."

Siku moja kabla ya kipimo alifunga. Beverlyne alimkuta hajagusa chai, akamcheka.

"Kwani mtu anafunganga kwa sababu ya mbao?"

"Sifungi kwa sababu ya mbao, dada. Mbao haziwezi kudanganya. Nafunga kwa sababu yangu."

Tulikusanyika Jumamosi jioni nyuma ya kanisa, chini ya mabati ya jikoni, mahali kina mama wanaposongea obusuma, ugali wetu, wakati wa mikutano. Kulikuwa na kivuli na benchi imara. Hakuna aliyevua viatu, maana nyuma ya jikoni si mahali pa maombi, na hata kama mtu angetaka kuvua, majivu yangemkataza. Jescah alikuwa ameazima jiwe la mizani la chuma kutoka kwa mwuza nafaka sokoni. Alifunga kamba kwenye nguzo kuonyesha urefu, akaomba kimya, akaliachia jiwe.

Kwenye mvule lilitoa mlio mzito, na lilipoondolewa lilikuwa limeacha kishimo ambacho kidole gumba kiliingia. Kwenye kompoziti liliruka kidogo, likaacha mkwaruzo kama wa ukucha. Alirudia mara kadhaa, akihamisha mahali, na majibu hayakubadilika. Mvule ulikuwa ukibonyea. Kompoziti ilikuwa ikicheka. Mzee Khaemba naye alipanda juu ya kila ubao na viatu vyake vya soli nene, akapiga kisigino kwa nguvu zote za mtu aliyewahi kusalitiwa na saiprasi, akashuka akitabasamu.

Jescah alisimama mbele yetu akiwa ameshika kipande cha mvule kifuani. Alisema kwamba kwa kupigwa na kitu kizito, kompoziti imestahimili zaidi. Alisema mvule umebonyea lakini haukupasuka, na mbao zote mbili hazikuvunjika. Kisha akasema, "Sikupima kitu kingine."

Kamati ilisikia sentensi ya kwanza. Mzee Khaemba alimshukuru Mungu kwa kutupatia mtumishi mwaminifu namna hiyo, na sisi tukampa Jescah mkono mmoja mmoja, kama tunavyofanya kwenye matanga.

Hatukutaka kumvunja moyo. Kando ya kanisa, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na njia yenye matope ya kwenda chooni. Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba mbao za Onesmus zitandikwe pale, ili sadaka isipotee. Jescah alikubali. Alizipiga randa mwenyewe, akaacha nafasi za maji kupita, akazama katika kazi ile kana kwamba anatengeneza madhabahu. Beverlyne alikuja kumshikia mbao.

"Usisikitike, Mama Sammy," alimwambia. "Onesmus alisema watu watamwomba Mungu juu ya mti wake. Kuna watu wanaombanga sana wakienda huko, hasa msimu wa mahindi mabichi."

Jescah alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akabaki ameshika nyundo, na Beverlyne akajua kwamba sasa halikuwa jambo la kucheka tena.

Baraza jipya la kompoziti lilizinduliwa Januari, wakati jua la Kakamega linasahau kwamba huku kuna msitu. Baba Askofu alikuja kutoka Lumakanda. Alitandikiwa zulia jekundu mbele kabisa, akavua viatu, akasimama juu yake na fimbo yake yenye ncha ya chuma. Saa sita, ngoma ikaanza, nasi tukaacha viatu vyetu kule langoni na kupanda.

Sijui niseme nini kuhusu dakika zile za kwanza. Baraza lile lilikuwa limeota jua tangu asubuhi, na rangi ile nzuri ya kahawa ilikuwa imelinywa lote. Ilikuwa kama kukanyaga sufuria. Kila mmoja wetu aliinua mguu haraka, na kwa kuwa mguu mwingine ulibaki chini, akauinua huo pia. Mpiga ngoma alijitahidi kutufuata. Kina mama walianza kulia. Wazee ambao kwa miaka walikuwa wakipiga kisigino kwa sababu ya heshima tu, sasa walikuwa wakiruka kama ndama. Lakini nani angekuwa wa kwanza kushuka? Kushuka katikati ya maombi, kwetu, ni kusema kwamba umechoka na Mungu.

Baba Askofu alitutazama akiwa juu ya zulia, na machozi yakamtoka.

"Niliambiwa Lurambi mmepoa," alisema. "Kumbe walinidanganya. Roho ameshuka, na mimi sitamkatiza."

Basi akaongeza maombi. Aliombea serikali, akaombea mvua, akaombea kila idara ya kanisa kwa jina lake. Mzee Khaemba alikuwa mstari wa mbele, akibadilisha miguu kwa kasi ya ajabu, macho ameyafumba, uso umelowa. Jescah, aliyekuwa nyuma yake, alimnong'oneza kwamba ni joto, kwamba plastiki hushika joto, kwamba watu waambiwe washuke. Mzee alijibu bila kufumbua macho kwamba baraza halijavunjika.

Hapo Baba Askofu, akiwa amejaa furaha, akatoka kwenye zulia ili amwekee mwenyekiti mikono.

Alinyamaza katikati ya neno. Akautazama mguu wake. Kisha akasema "Amina" moja fupi, akatangaza kwamba Roho anataka ibada iendelee kwa maandamano, akashuka upande wa kando akiwa mbele yetu, na kwa mtu wa umri wake alikuwa na mwendo. Njia ya kwenda kwenye viatu ilikuwa ya kokoto zilizochemka. Njia yenye kivuli ilikuwa moja tu. Baba Askofu aliifuata bila kuuliza inaelekea wapi, na kanisa zima likamfuata, mpaka mbao zilipokwisha na mbele yake ukawa mlango wa choo.

Akasimama. Sote tukasimama. Mvule ulikuwa umetulia chini ya nyayo zetu, baridi kama sakafu ya nyumba ya udongo. Mtu mmoja alishusha pumzi, kisha mwingine. Halafu kutoka katikati ya msongamano ule Beverlyne akaanzisha wimbo, taratibu, na visigino vikaanza kushuka, safari hii kwa sababu vilitaka. Baba Askofu alimalizia ibada pale pale. Kwa kila baraka aliyoitamka alizipiga mbao kwa fimbo yake, na ncha ya chuma ikawa inaacha vishimo, kimoja kwa kila baraka.

Alipomaliza, aliuliza mbao hizi nzuri ni za nani.

"Ni za Mama Sammy, Baba Askofu," Mzee Khaemba akajibu. "Zilishindwa kipimo."

"Kipimo gani?"

"Cha kupigwa."

"Na zile za mbele?"

"Zile zilishinda."

Baba Askofu alitazama nyayo zake, kisha akatazama za mwenyekiti.

Kamati ilikaa juma lile. Iliamua kwamba baraza la mbele libaki kama lilivyo, kwa kuwa hakuna ubao hata mmoja uliovunjika, na kipimo kilikuwa cha haki. Ila siku za jua, maombi ya saa sita yafanyike kando, mahali pa kivuli. Na kwa kuwa hapa kwetu Januari siku nyingi ni za jua, tukajikuta tunaomba huko Jumapili baada ya Jumapili.

Mzee Khaemba hakupendezwa na vile vishimo vya fimbo. Alikuwa amesikia kwamba shimo kwenye mti huinuka ukiweka kitambaa chenye maji na kupitisha pasi ya moto juu yake, na kweli ndivyo Chemutai alivyokuwa amewafundisha darasani. Akamwomba Jescah aje na pasi yake ya makaa, mbao zirudi kuwa laini, wageni wasizione na kasoro.

Jescah alikuja jioni moja kabla ya darasa, pasi mkononi, makaa yamekolea. Mwenyekiti alikuwa akishuka kwenye njia ile kwa haraka, kwa shughuli inayomleta mtu huko. Alimkuta Jescah amepiga magoti ukingoni, anapitisha kidole kwenye kishimo kimoja baada ya kingine. Pasi alikuwa ameiweka kando, kwenye udongo. Viatu vyake navyo vilikuwa kando.

"Bado hujaanza, mama?"

"Sitaanza, mzee. Hapa pameombewa."

Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani. Mzee Khaemba alifungua kinywa ili ataje uamuzi wa kamati. Kisha akatazama mbao zilizo mbele yake, akatazama mlango ulio mwisho wa njia, akatazama viatu vyake vya soli nene. Aliinama, akaanza kufungua kamba.