Ng'ombe wa Unga

Mwaka wa pili baada ya uhuru, Chome wa Kinango alimleta bintiye hospitali Msambweni. Mtoto huyo, Mbodze, alikuwa na miaka sita. Sufuria ya uji ilikuwa imempindukia ikambabua kiganja cha mkono wa kulia. Alilazwa wiki tano. Alipotolewa, kidonda kilikuwa kimefunga, lakini vidole vilikuwa vimejikunja, havinyooki. Alfani, dresa aliyekuwa akimsafisha kidonda, alimweleza Chome asirudi kwao kwanza. Mtoto aangaliwe kila Jumatatu, na siku nyingine zote afinyefinye kitu laini asubuhi na jioni, la sivyo vidole vingebaki vile.

Walipata mahali pa kulala kwa Bi Mwanatumu, mjane wa Kidigo aliyekuwa akikaanga mahamri na kuyauza karibu na lango la hospitali. Kwanza walijaribu udongo, lakini mchanga wake ulimkwaruza Mbodze ngozi mpya, akakataa kuugusa tena. Ndipo Mwanatumu akakumbuka kazi yake ya zamani. Alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu kule Diani, na mama wa nyumba ile alikuwa akiwapikia wanawe unga wa kuchezea. Wazungu wale walikuwa wamekwisha kurudi kwao, lakini mapishi yale yalikuwa bado kichwani mwake.

Akapima vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe cha chumvi, vikombe viwili vya maji, mafuta kidogo ya nazi na ndimu moja. Akatia manjano upate rangi, akainjika motoni, akasonga kama asongaye ugali mpaka donge likaachana na sufuria. Chome alikuwa amekaa barazani akimtazama.

"Mama, niwie radhi," alisema. "Kwetu kuna ukame, wanakula mahindi ya msaada wa serikali, na hayo ni yakipatikana. Siwezi kumtazama mwanangu anachezea unga."

Mwanatumu aliendelea kukanda donge juu ya sinia, lipoe.

"Unga huu umeingia wadudu, sikuweza kuwauzia watu mahamri yake," alijibu. "Lakini hata ungekuwa mzima, ningeupika. Huo mkono wa mtoto, wewe unaupima kwa vikombe vingapi?"

Chome aliinuka akaenda msikitini kumchotea maji ya kisimani, ingawa yeye hakuwa Mwislamu na maji ya mtungini yalikuwa hayajaisha.

Mbodze alilamba lile donge, akatema kwa chumvi. Kisha akaanza kulichezea, lakini kwa mkono wa kushoto. Mwanatumu alimbembeleza siku tatu. Mtoto alikuwa akiuweka mkono wa kulia mapajani, kama si wake.

Siku ya nne alifinyanga mnyama, akamsimamisha kwenye sinia. Chome akauliza ni nani huyo.

"Madoa," alisema Mbodze.

Madoa alikuwa ng'ombe wao wa maziwa, aliyekufa kiangazi kile. Huyu wa unga alikuwa na pembe zilizosimama wima kama za mbuzi, na Chome hakuweza kuvumilia. Alishuka barazani, akaketi chini, akamega donge. Alimtengeneza Madoa upya: mgongo, nundu, ngozi inayoning'inia shingoni. Akamweka mbele ya mtoto, hana pembe.

"Pembe zake zilikuwa zinainama mbele," alisema. "Vidole vyangu vinene. Hiyo ni kazi yako, na uifanye kwa mkono wa kulia."

Mbodze alijaribu, ikamuuma, akalia. Chome hakumfanyia. Alikaa palepale akimtajia jinsi Madoa alivyokuwa akikataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa mamake Mbodze. Jua lilipokuwa linatua, pembe moja ilikuwa imepatikana, nene upande mmoja. Ya pili waliiacha mpaka asubuhi.

Tangu siku ile walitengeneza ng'ombe kila siku, mmoja mmoja, na kila mmoja kwa jina lake. Donge likikauka, Chome mwenyewe ndiye aliyeinjika jingine, na akajua kuongeza mafuta likishika mikononi. Siku moja, Mbodze akiwa amelala mchana, alimwambia Mwanatumu kwamba ng'ombe waliokufa walikuwa kumi na mmoja. Alikuwa hajamwambia mtu. Hata yeye na mkewe, Kahaso, aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga, waliwahesabu pamoja pasipo kusema neno. Mwanatumu alimpa pole, akamsogezea chai.

Mwezi wa pili ulipokwisha, Alfani aliweka pini mezani akamwambia Mbodze aiokote. Aliiokota mara ya tatu. Kidole cha mwisho kilibaki kimepinda, na dresa akasema hicho hakitanyooka, lakini hakitamzuia kazi. Mwanatumu aliwafungia mahamri ya njiani, na Chome akamuaga kwa mikono miwili.

Mvua ilinyesha Kinango mwishoni mwa mwaka. Chome alitangulia na jembe akichimba mashimo, Mbodze akamfuata na kibuyu cha mbegu, akitia punje tatu kila shimo kwa mkono wa kulia na kufukia kwa mguu. Kahaso alisimama ukingoni mwa shamba, mtoto mchanga mgongoni, akamtazama bintiye mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaenda kuwasha moto.