Taa ya Jumanne

Jumanne asubuhi, kwenye barabara ya changarawe inayotoka kambi ya magari-nyumba kule jangwani kwenda lami, taa ya injini ikawaka tena. Kenyewe kadogo, ka njano, kamekaa pale kwenye dashibodi kama kanamcheka.

Verlene hakukanyaga breki. Miaka thelathini na mmoja ameendesha basi la shule kule Nebraska. Watoto wamemtapikia, theluji imemtupa mtaroni mara mbili, kwa hiyo taa ya njano haiwezi kumtisha. Alipunguza tu mafuta akasema, "Haya, mpenzi. Leo unataka nini?"

Gari-nyumba halikujibu. Likaendelea kunguruma huko nyuma kabisa, maana injini yake ya dizeli imekaa nyuma, chini ya kitanda. Sahani zikagongana kabatini, barabara ile ina mawimbimawimbi mpaka meno yanacheza. Alipofika lami akatembea dakika mbili hivi, taa ikazima yenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa pakimuudhi. Ingewaka na kubaki inawaka, angalau ungejua una mgonjwa. Hii inawaka, inazima, inakaa wiki nzima kimya, halafu inarudi. Fundi wa mjini keshaliona gari mara mbili, na mara zote mbili lilifika gerejini taa imezima. Akanyanyua kitanda, na shuka zake na mito yake, akachungulia injini kwa juu, akachomeka kidude chake cha kusoma kompyuta ya gari.

"Kinasema sensa ya turbo, kile kipimo cha hewa ya injini, ilikatika mawasiliano kidogo, halafu yakarudi," fundi alimwambia. "Ila sensa yenyewe nzima. Niletee taa ikiwa inawaka, mama."

"Nikuletee vipi? Niifunge hiyo taa kwenye mfuko?"

Fundi akacheka. Verlene hakucheka sana, kwa sababu kuna Joellen.

Joellen ni binti yake, anaishi Phoenix, na tangu baba yake Orrin afariki miaka miwili iliyopita ana wimbo mmoja tu: Mama una miaka sabini na moja, Mama uko peke yako jangwani, Mama uza hilo dude uje kwetu, chumba kipo. Verlene alikosea siku moja akamtajia habari ya taa kwenye simu. Ikawa nongwa. Mwisho wakakubaliana: Jumamosi Joellen anakuja, wanaendesha pamoja mpaka mji wa Yuma na kurudi. Taa ikiwaka, gari linauzwa. Isipowaka, Joellen hatalisema tena. Verlene alitoa neno lake, na neno lake huwa halirudishi.

Saa kumi jioni watu wa kambi walikusanyika kama kawaida. Pale kila mtu anakuja na kiti chake na kinywaji chake, wanakaa duara, na ukitaja ugonjwa wowote, wa mtu au wa gari, unapewa dawa nane.

"Dizeli mbaya," alisema Delmar kabla Verlene hajamaliza. Delmar ni jirani wa kushoto, mzee wa miaka sabini na sita, kafanya kazi manowarini miaka ishirini na hakuachi usahau. "Maji kwenye dizeli. Tunabadilisha filta kesho, nakuhakikishia."

"Wiki iliyopita ulihakikisha betri," alisema Oneida, jirani wa kulia, huku akitafuna karanga.

"Wiki iliyopita sikuwa na habari zote."

"Wewe hujawahi kuwa na habari zote, mzee, na haijawahi kukuzuia."

Watu wakacheka, Delmar mwenyewe akacheka. Jua lilikuwa linashuka taratibu, upepo hakuna, na Verlene akawaza, sasa haya yote niyaache nikakae chumba cha wageni Phoenix, natazama ukuta?

Jumatano wakabadilisha filta. Delmar alishika spana, Verlene akashika ndoo, halafu ikawa Verlene kashika vyote viwili na Delmar anaeleza. Wakaliwasha, wakatoka nalo. Hata nusu ya barabara ya changarawe hawajafika, taa ikawaka. Delmar akaitazama muda mrefu.

"Basi ni filta hiyo mpya," akasema. "Mbovu."

Alhamisi asubuhi Verlene alitengeneza kahawa, akatoa daftari lake. Kazi ya basi ilimwachia tabia hiyo, kila safari anaandika: siku, saa, alikokwenda, gari limefanya nini. Oneida alikuwa ameketi naye mezani, anapaka siagi mkate.

"Sikiliza, shoga," Verlene akasema. "Jumanne ya tarehe saba, nimekwenda kumwaga maji machafu na kujaza masafi, imewaka. Jumanne ya kumi na nne, imewaka. Juzi, imewaka. Jana na Delmar, imewaka. Lakini Ijumaa ya kumi na saba nimekwenda kuchukua gesi, barabara hiyohiyo, mwendo uleule, haijawaka kabisa. Kwa nini?"

"Tangi la maji lilikuwa limejaa?"

"Nusu. Na jana nusu."

"Kulikuwa na baridi?"

"Kuzidi ya leo."

Oneida akalamba kisu. "Ijumaa ile ndiyo tuliyokula supu ya maharage tukashiba. Ilitutosha kwa sababu Delmar hakuwepo. Kaondoka alfajiri na mapema, kaenda Algodones, ng'ambo ya mpaka kule Mexico, kung'oa jino."

Verlene akaacha kikombe hewani.

Kule jangwani panya wanakula waya za magari. Wanajenga humo ndani ya injini, wanatafuna mpaka gari linakufa. Ndiyo maana kila mtu kambini anatandaza kamba ya taa chini ya gari lake usiku, panya hawapendi mwanga. Goti la Verlene halipendi kuinama, kwa hiyo kazi hiyo Delmar aliichukua bila kuombwa. Kila jioni anaitandaza, kila asubuhi anaizungusha na kuiweka, maana jua linakausha plastiki. Ijumaa ile, kwa vile Delmar hakuwepo, Verlene aliikunja mwenyewe akaitupa kwenye sanduku la pembeni.

Je, Delmar huwa anaiweka wapi?

Akainuka, akachukua kipande cha zulia na tochi.

"Shoga, goti!" Oneida akapiga kelele.

"Goti litanikuta hukohuko."

Alijilaza chali akajisukuma chini ya mkia wa gari, akiguna na kutukana kidogo. Harufu ya mafuta na vumbi. Akamulika. Na pale, chini ya injini, upande ambao fundi aliyechungulia kwa juu kupitia kitandani asingeuona maisha, kamba ya taa ilikuwa imeviringishwa vizuri, mviringo mzito kama gurudumu la baiskeli ya mtoto. Imening'inizwa kwenye fungu la waya, kwa fundo safi la kibaharia. Akaisukuma kwa kidole. Ikayumba. Ilipoyumba, fungu la waya likavutika, na plagi ya sensa ikatoka kidogo mahali pake, kisha ikarudi. Kale kameno ka plastiki kanakoishikilia kalishavunjika.

Kwenye mawimbimawimbi inacheza, kwenye lami inatulia. Verlene akalala pale chini, akaanza kucheka peke yake mpaka Oneida akauliza kama kagonga kichwa.

Kumwambia Delmar ndiyo ilikuwa ngumu. Alimwita tu, akamwachia zulia na tochi. Delmar akaingia chini, akamulika. Alipotoka masikio yalikuwa mekundu.

"Lile fundo," alisema, "halijawahi kufunguka hata siku moja."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee."

"Nilikuwa nalinda waya zako."

"Najua, Delmar. Na panya hawajagusa hata mmoja. Umewashinda panya wote."

Delmar akajipangusa mikono kwenye suruali. "Basi niache niitengeneze."

"Utanishikia tochi."

"Verlene, mimi nimefanya kazi man—"

"Tochi."

Akashika tochi. Verlene akasafisha plagi kwa kitambaa, akaisukuma mpaka ikalia tap, akaibana kwa vikamba viwili vya plastiki, akavikaza, akakata ncha. Delmar akasema angeweka vitatu. Verlene akaweka vitatu.

Ijumaa upepo ukaja na mchanga, hakuna gari lililosogea kambini. Kwa hiyo kujaribu hakujaribu. Alilala akimsikia Orrin kichwani akisema usiwe na wasiwasi, halafu akajigeuza akasema, "Wewe nyamaza, uliendesha vibaya," akalala vizuri.

Jumamosi saa tatu Joellen akafika na kigari chake, akakiegesha kwenye kivuli cha gari-nyumba la Delmar. Akamkumbatia mama yake, akapanda, akakaa kiti cha abiria, akakaza macho kwenye dashibodi kama polisi.

"Tumeshalitengeneza," Verlene alimwambia. "Nitakueleza ukweli wote, ila tukirudi."

Penye njia panda, upande wa kulia kulikuwa na barabara iliyolainishwa juzi na katapila, imenyooka kama meza. Watu wote siku hizo walikuwa wanapita kulia. Verlene alisimama pale na injini inanguruma. Hakuna aliyesema lazima wapite wapi, na Joellen hata hakuijua ile nyingine ya kushoto, yenye mawimbimawimbi. Lakini angeishije na gari ambalo hajui kama limepona?

Akakata kushoto.

Mawimbi yakaanza. Sahani, vijiko, mlango wa bafu, meno ya Joellen, kila kitu kikatetemeka. "Mama, ni lazima hapa?" "Lazima." Maili ya kwanza, hamna kitu. Maili ya pili, Verlene akajikuta anashikilia usukani kama mwanafunzi. Ya tatu, shimo kubwa, gari zima likaruka, kikombe kikaanguka kikavunjika, wote wawili wakaitazama dashibodi.

Taa haikuwaka. Halafu lami.

Walikwenda Yuma, wakala chapati za Kimexico za samaki, wakarudi. Wakiingia kambini ndipo Joellen akasema:

"Sawa, Mama. Nimenyamaza."

"Umenyamaza kabisa au umenyamaza kidogo?"

"Kabisa. Ila kile kikombe kilikuwa changu."

Saa kumi duara lilikuwa limekwisha kaa, Joellen keshaelezwa habari yote ya kamba, na Delmar alikuwa anatafuta pa kuweka kiti chake, maana kivulini kwake kuna kigari cha Joellen. Verlene akachukua funguo akisogeze. Akaingia, akawasha, na kwenye dashibodi akaona kipande cha utepe mweusi kimebandikwa pembeni ya mshale wa mwendo. Akakibandua kwa ukucha. Chini yake, ka njano, kadogo, kanawaka.

Akashusha kioo.

"Joellen! Hii taa yako inawaka tangu lini?"

Joellen alikuwa anafungua chupa ya maji. "Ah, hiyo? Hiyo huwa inawaka tu, Mama. Tangu mwezi wa nane."

Duara zima likageuka kumtazama. Oneida akaweka karanga chini. Delmar alikuwa keshainuka kitini, anavuta suruali juu, uso unamng'aa.

"Dizeli mbaya," alisema.

"Delmar, hili ni la petroli."

"Basi ni petroli mbaya," akasema, akaenda kuchukua tochi.