Bila Urusi

Mwaka ule vyama vingi viliporuhusiwa kugombea, Alesia alisimama udiwani ili uwanja wetu wa kuuzia mboga pale Kihonda usiuzwe kwa tajiri wa kiwanda. Wasifu wake niliusoma mimi. Alisema ulimi wake ukipanda jukwaani hujikwaa, na kusoma alinifundisha yeye, madarasa ya jioni nyumbani kwake, tangu nikiwa na mimba ya Glory. Siku ya mkutano Glory alikuwa mgongoni, anavuta sikio langu.

Nikasoma: "Alizaliwa Belarusi. Aliolewa na Mhandisi Andrea, wakaja Morogoro. Ni raia. Tingatinga lilipokuja kutufukuza, alisimama mbele yake, akalala rumande..."

"Kazaliwa wapi?" aliuliza Salehe, mpiga debe wa mgombea wa pili.

"Belarusi."

"Bila Urusi? Nasi siku zote tunamwita Mrusi. Kumbe hata huko walimkataa."

Watu wakacheka. Alesia naye alicheka. Miaka yote aliyokaa na Waluguru alijifunza kwamba mtani hujibiwa, hanuniwi. Akachukua kipaza sauti.

"Bila Urusi, bila woga."

Wakampigia makofi. Nikajua tumeshinda.

"Na bila mtoto," akasema Salehe, taratibu tu.

Hapo Eufrazia akainuka. Eufrazia wa kabichi, anayeshuka nazo kutoka mlimani. Siku ya tingatinga Alesia alikamatwa akimkinga yeye. Akajifunga kanga kiunoni, akaanzisha wimbo:

"Bila Urusi, bila mtoto, atamlea nani?"

Wanawake wakaitikia, wanacheza, vichanga vyao vinaruka migongoni.

"Ninaye," alisema Alesia. "Yohana. Yuko makaburi ya Kola."

Eufrazia alijua. Ndiye aliyemwosha yule mtoto siku ya maziko. Hakuacha kuimba.

"Pole, mama," akasema Salehe. "Ila marehemu hapigi kura."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kura hazikutosha. Masika yalipoisha tingatinga lilirudi, na asubuhi hiyo hiyo wauza mboga tulikuwa mlangoni kwa Alesia, Eufrazia mbele.

"Hodi, mama yetu. Wanavunja. Twende ukatusemee."

Alifungua. Alitutazama mmoja mmoja, mabegani, palipochungulia vichwa vidogo.

"Mmekuja na watoto?"

"Tumekuja nao, mama."

"Vizuri. Wao wakasimame mbele ya tingatinga."

Akafunga mlango. Kisha tukasikia mabanzi ya vibanda yakivunjika kule uwanjani, wenzangu wakakimbia, kila mtu akaokoe nyanya zake.

Mimi zangu niliziacha. Nilimteremsha Glory. Alikuwa ndio kwanza anasimama, na huo mlango aliuzoea. Ndani yake ndimo alimojifunzia kutambaa, mimi nikihangaika na herufi. Akaupiga kwa kiganja. Akapiga tena.

Viatu vya Alesia vilikuja mpaka nyuma ya mlango, vikasimama.

Nilimwacha Glory abishe.