Lita Ishirini za Oktavia

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, akina mama walipanga ndoo mbele ya bomba la mradi kama walivyozipanga jana na juzi. Bomba lilikuwa kavu. Saa moja kasoro, Oktavia akateremka kutoka makaburini na ndoo yake, miezi mitano tangu azikwe, nao wakampisha. Akagusisha bombani kidude cha bluu kilichoning'inia shingoni mwake. Maji yakatoka, lita ishirini, yakakata. Akajitwisha, akarudi alikotoka.

Njiani alipita mbele ya nyumba yake. Odilo, mumewe, alikuwa ameketi mlangoni na vikombe viwili vya chai.

"Kamwene, mke wangu," alimsalimu.

Oktavia hakugeuza shingo. Odilo akanywa chai zote mbili.

Mradi huo uliletwa na wakubwa wa magari matatu. Walisema watu wa ng'ambo wamechanga kwa simu zao, na kila lita itaandikwa kwenye daftari la kompyuta nyingi, jina lake blokicheni, ambalo hata waziri hawezi kulifuta. Odilo, aliyeishia darasa la tatu, akauliza kama daftari hilo linajua kuchimba mtaro. Wakubwa wakacheka. Vidude vya kufungulia maji viliahidiwa mia mbili, kikaja kimoja. Akavishwa Oktavia ili apigwe picha. Jioni ile bomba likakauka, hata kwa kidude chake, watu wakarudia maji ya mto, na baada ya wiki sita homa ya matumbo ikamchukua Oktavia. Wanajumuiya waliomwosha walidhani kidude ni skapulari, ile ya kuvaa shingoni ya kanisa, wakamzika nacho. Kesho yake akaja kuchota.

"Shemeji, mvue kile kidude," alisema Beatha, mdogo wake Oktavia. "Mjukuu wangu ana homa ileile ya dada."

"Nikimvua hatakuja tena."

"Kwani sasa anakuja kwako? Anakuja bombani."

 Jumatano Odilo akamsubiri mkewe kwenye foleni, akamvua kidude. Shingo ilikuwa baridi kama bati la mwezi wa sita. Oktavia alitulia tu, kama alivyotulia zamani akifungwa vifungo vya gauni la kanisani.

Odilo akagusisha kidude bombani. Kimya. Akajaribu Beatha, akajaribu katekista. Kimya. Oktavia akasimama na ndoo tupu katikati ya wenzake mpaka mchana, akarudi makaburini. Alhamisi ikawa vilevile.

Ijumaa alfajiri Odilo alipigiwa simu na ofisi ya mradi, Makambako. Ofisi hiyo haikuwahi kupokea simu yake hata moja.

"Shikamoo mzee. Ezekia hapa, wa mradi. Mama Oktavia ana tatizo gani? Siku mbili hajachota, wachangiaji wanauliza."

"Alikufa."

"Pole sana, mzee. Lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Ezekia akasoma kwenye daftari lake. "Hapana, mzee. Tangu mwezi wa kumi na moja hajakosa hata siku moja, mpaka juzi. Na hapa hapafutiki."

"Na sisi wengine? Bomba kavu, tunakunywa mto."

"Kijiji chenu kinasoma kijani, mzee. Kimeshakamilika. Sisi sasa tuko kijiji kingine. Mwambie tu mama asikose."

Odilo akaenda bombani na ndoo. Mkewe alikuwa keshafika. Akamvisha kidude, akakaza kamba, mikono ikachelewa kutoka shingoni.

"Pitia nyumbani," alisema. "Japo ukae kidogo."

Oktavia akachota lita zake ishirini, akapanda kilima. Alipofika mbele ya nyumba hakupunguza mwendo. Ukungu ukamfunika.

"Haya, twendeni," alisema Beatha, akaokota ndoo yake. Akina mama wakashika njia ya mtoni. Odilo akachukua ndoo yake, akashuka nyuma yao, mwanamume peke yake.